Mbwa hawaletwi kwenye chanjo: je, tatizo ni elimu?

SWALI: Mimi ni afisa mifugo wa kata wilayani Urambo. Dodoso letu linaonyesha karibu kila kaya inakijua kichaa cha mbwa, lakini siku ya chanjo mbwa huwa wachache, na baadhi ya waliong'atwa huanzia kwa mganga. Tuongeze elimu?

JIBU: Ndugu yangu, dodoso limekwisha kukujibu: wanajua. Kauli ya "wananchi hawana elimu" inatuponza kila mwaka, maana inafunga swali kabla halijaulizwa.

Mlichanja mwezi gani? Februari na Machi mkulima wa tumbaku anachuma na kukausha, hatoki mabanini, yaani kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku. Nani hushika mbwa? Mara nyingi ni mtoto, na siku ya shule yuko darasani. Mbwa wa kuchungia ng'ombe hajazoea kamba. Kumburuta kilomita tano ni kutafuta kung'atwa. Haya huyapati kwa maswali ya ndiyo na hapana. Kaa na watu sita hadi kumi, wanaume peke yao, wanawake peke yao, mchore pamoja kalenda ya kazi zao za mwaka. Usiende na mtendaji wa kijiji. Mbele yake watu hujibu kinachomridhisha. Kisha chanjeni Jumamosi, kitongoji kwa kitongoji. Kila mbwa aliyechanjwa apakwe rangi, na jioni mpite mkihesabu wenye alama na wasio nayo. Wenye alama wakiwa chini ya asilimia 70, ugonjwa unaweza kuendelea kuzunguka.

Kwa aliyeng'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, sindano ianze siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Anayedai majani yake yanatibu kichaa anaua watu. "Aliyepona" kwake hakuwa ameugua kichaa: huenda mbwa hakuwa na ugonjwa, au alikuwa nao lakini haukumwambukiza. Lakini ulizeni pia kwa nini anafuatwa: yuko jirani, hulipwa baadaye, na huenda zahanati haina chanjo. Matangazo hayaondoi hata sababu moja kati ya hizo.

Na si kichaa peke yake. Wakati wa Ebola Afrika Magharibi mwaka 2014, amri za kuzika bila ndugu ziliwafanya watu wafiche maiti. Hali ilianza kubadilika pale wanaanthropolojia (watafiti wa mila na maisha ya jamii), wazee na viongozi wa dini walipokubaliana na familia kuhusu mazishi salama yenye heshima. Hata hivyo miradi bado inamwita mtaalamu wa jamii mwishoni, atunge vipeperushi, fedha zikiwa zimekwisha. Mwiteni kabla hamjapanga tarehe ya chanjo.