Re: Mbona hariri yangu inachambuka kwenye petali?

Pole dada, hiyo hariri ya petali za sakura (maua ya mcheri) kuchambuka nyuzinyuzi ni vidole tu, nyuzi za kudarizi Kijapani nyingine hazijasokotwa kabisa so zikigusa ngozi kavu zinanasa, mi nasugua mikono na sukari usiku alafu asubuhi nanawa vizuri maana mafuta yakigusa hariri umeumia. Kila mshono ulaze na tekobari (kile kisindano cha chuma cha kulazia nyuzi), usivute na kidole. Umeuliza kazi yangu imefika wapi? Sakura tano zimeisha, ila ua la kiku (krisanthemu) ndo limenikaba, petali moja nimefumua mara tatu sababu nyuzi zililala upande na mwanga ukipiga unaona kabisa. Ukimaliza kudarizi, paka gundi ya ngano kwa nyuma na upige mvuke, kabla hujatoa kitambaa kwenye fremu.