Rafiki wa Barua, Siyo Shabiki

Tangu habari zienee kwamba diwani yangu imekubaliwa na mchapishaji (ndiyo, hatimaye, na waliosema sitafika popote salamu ziwafikie), napokea ujumbe mwingi. Mmoja umenigusa. Kijana anauliza atampata wapi mtu wa kuandikiana naye barua za ushairi, na kama amwandikie malenga mwenye jina.

Mwenye jina muache kwanza. Franz Xaver Kappus alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi alipompelekea Rilke, malenga mkubwa wa lugha ya Kijerumani, mashairi yake. Alijibiwa barua 10, kati ya 1903 na 1908, na hadi leo watu wanazisoma. Lakini katika barua ya kwanza kabisa Rilke alimwambia kwamba kuhakiki si jambo lake. Hekima Kappus aliipata tele. Wewe unahitaji pia mtu wa kukuonyesha mizani ilipozidi.

Tafuta mliye naye ngazi moja. Elizabeth Bishop na Robert Lowell, washairi wa Marekani, walikutana 1947, kila mmoja ametoka kuchapisha diwani mwaka uliotangulia, wakaandikiana kwa miaka 30. Hakuna aliyekuwa mwalimu wa mwenzake, na ndiyo maana waliweza kuambiana ukweli.

Mimi wangu tulianza kwa kujibizana. Ananitumia beti, namjibu kwa vina vilevile, kisha chini ya shairi tunaongeza maneno ya kawaida: nani amekataliwa mswada, nani hajaandika kitu tangu mvua zianze. Maneno yale ya chini yakarefuka hadi yakayashinda mashairi. Siku moja nikampelekea shairi nililoliringia sana. Akajibu: "Ubeti wa tatu vina vimekutafutia maneno. Wewe mwenyewe humo hukuwa na la kusema." Nilimkasirikia, nikanuna, nikaufuta. Shairi hilo ndilo linalofungua diwani. Basi ushauri wangu wa kwanza ni huo: rafiki wa barua akuambie ubeti unaokufa. Wa kukupigia makofi utawapata bure.

Wa pili unaniuma kuuandika. Baba yangu alipofariki nilimwandikia mwenzangu huyo barua ndefu. Nilimweleza kwamba machozi yalikataa, kwamba siku nzima nilikuwa nahesabu viatu mlangoni. Baadaye nikakuta viatu vyangu ndani ya shairi lake lililochapishwa. Na humo mwana analia, anagaagaa chini! Hakuniuliza. Nilipomuuliza, akanijibu kwamba ushairi hauna mwenyewe.

Unao. Mwaka 1972 Lowell alikuwa na mswada wa diwani uliotumia barua za Elizabeth Hardwick, mke aliyeachana naye, akiwa amezigeuzageuza. Bishop alimwandikia kumkanya: kuchanganya ya kweli na ya kubuni katika barua za mtu aliye hai, bila ruhusa, ni kuvunja amana. Alimwambia huku akiyasifu mashairi yenyewe, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Lowell alibadilisha hapa na pale, akachapisha 1973, na mwaka uliofuata diwani ikapata tuzo ya Pulitzer. Bishop hakuacha kumwandikia mpaka Lowell alipofariki 1977. Mimi sina moyo huo. Niliacha.

Ndugu zangu washairi, tuheshimiane. Mtu akikufungulia kifua kwenye barua, hajakupa malighafi. Omba ruhusa. Ukikataliwa, acha. Tuna tabia mbaya ya kudhani kipaji kinahalalisha kila kitu, na vijana wanatuiga. Jiulize kabla ya kuchukua: ningependa nifanyiwe hivi? Tena jiulize mara mbili, maana mara ya kwanza jibu hutoka kwenye tamaa.

Kuhusu namna ya kuanza, sina mengi. Soma kazi za wa rika lako magazetini na kwenye mikusanyiko, chagua aliyekukera kidogo kwa uhodari wake, umwandikie kuhusu shairi lake moja, siyo lako. Taja mshororo. Asipojibu, mwandikie mwingine. Tia tarehe kila barua, na ubaki na nakala ya unazotuma wewe. Hoja ya ushairi kutokuwa na mwenyewe iliisha siku nilipomtumia nakala ya barua yangu, tarehe ikiwa juu yake.