Maswali ya Wasomaji: Kushona Mkoba wa Bega kwa Mfano wa Shanta ya Askari

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora, na ninatumia cherehani ya miguu niliyorithi kwa shangazi yangu. Marehemu babu alikuwa askari wa Keya, yaani jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki (King's African Rifles), na alipelekwa Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili. Aliacha shanta ndogo ya kitambaa kizito cha kaki, ambayo sasa imeoza pembe. Chini ya kifuniko pana muhuri wa mwaka 1942 na alama ya mshale. Kinachonishangaza ni kwamba haina mkanda wa bega, wala hakuna dalili kwamba mkanda uliwahi kushonwa; juu yake pana vipande viwili vifupi tu vyenye bizimu za shaba zisizo na ulimi. Ninataka kushona mkoba unaofanana nayo wa kubebea madaftari ya wanafunzi. Nimepata kiolezo cha kuchapisha kwenye karatasi, lakini wenzangu wananishauri nifumue shanta ya babu ili nipate vipimo vya kweli. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nakuomba kabla ya jambo lolote lingine usiifumue shanta hiyo. Uzi wa pamba uliokaa miaka zaidi ya 80 hauvumilii ncha ya kifumulio, na kitambaa kilichokwisha kuoza pembe kitakuachia vumbi mkononi badala ya vipimo. Ilaze juu ya meza yenye mwanga, ipime kwa futi ya kitambaa mshono hadi mshono, kisha weka karatasi nyembamba juu yake na upitishe kidole kwenye kila mshono mpaka alama ijitokeze kwenye karatasi. Hesabu pia mishono iliyomo ndani ya sentimita 3, kwa sababu urefu wa mshono ni sehemu ya sura ya kitu cha zamani, ijapokuwa watu wengi hukumbuka rangi tu.

Alama ya mshale uliyoiona, ambayo wengi huiona kama unyayo wa kuku, ndiyo iliyokuwa ikipigwa kwenye mali za serikali ya Uingereza. Kwa maelezo yako, hasa bizimu zisizo na ulimi na vile vipande viwili vya juu, inaonekana unayo shanta ndogo ya mtindo wa 1937, yaani seti ya mikanda na mifuko waliyovaa askari wa Uingereza na wa makoloni yake katika vita ile. Babu zetu wa Keya walioingia Burma mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita Bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko hadi Mto Chindwin, walipigana wakiwa wamebeba vifaa vya Kiingereza vya namna hiyo.

Shanta hiyo haikuumbwa kuwa mkoba wa bega. Askari alikuwa na mikanda miwili iliyopita mabegani na kushikana na mkanda wa kiunoni. Alipobeba shanta kubwa mgongoni, hii ndogo ilining'inizwa ubavuni kushoto kwenye ncha za mikanda hiyo, na alipokwenda kupigana aliiacha ile kubwa na hii ikapanda mgongoni. Vile vipande viwili vyenye bizimu ndipo ilipokamatwa. Kwa hiyo mkanda haukupotea, na wewe ukitaka mkoba wa bega utalazimika kuubuni mkanda mwenyewe. Hapo ndipo ninapotaka uweke akili yako yote, kwani mkoba wa namna hii huishi au hufa kwa mkanda wake.

Nianze na kiolezo. Unapokichapisha, hakikisha mashine imewekwa kwenye asilimia 100, si kwenye ule mpangilio wa kuifanya picha ienee karatasini. Violezo vingi huwa na mraba wa majaribio wa sentimita 5, nawe uupime kwa rula kabla ya kukata chochote. Mashine ikipunguza picha hadi asilimia 97, upana wa sentimita 32 utakuwa 31, na hutaligundua kosa hilo mpaka siku madaftari yatakapokataa kuingia.

Shanta ya babu ni nyembamba mno kwa madaftari makubwa, kwa hiyo ningeipanua bila kuiharibu sura. Chukua upana wa sentimita 32, kimo cha 26 na unene wa 9, vyote vikiwa ni vipimo vya mkoba uliokwisha kushonwa. Ukiacha nafasi ya mshono ya sentimita 1.5 kila upande, uso wa mbele utaukata upana wa 35 na kimo cha 30.5, kwa kuwa mdomo wake unahitaji pindo la sentimita 3. Mgongo na kifuniko viwe kipande kimoja kisicho na mshono katikati, upana wa 35 na urefu wa 56: hapo umehesabu mgongo wenyewe, sentimita 9 za kuvuka juu ya mdomo, sentimita 18 za kushuka mbele, pamoja na nafasi za mshono. Ubavu nao ni utepe mmoja unaoshuka upande huu, unapita chini na kupanda upande wa pili; huo uwe na upana wa 12 na urefu wa 90. Mita moja ya kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu inatosha na kubaki.

Vipande hivyo vishone kwanza kwa merikani au shuka kuukuu, vipigwe bandi tu kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda, kisha ujaze madaftari ndani na utembee nao chumbani. Ni kazi ya jioni moja. Mimi bado huifanya kila ninapoanza umbo jipya, na kila mara huniambia jambo ambalo karatasi haikuniambia.

Kuhusu kitambaa, uwe mwangalifu na neno turubai, maana madukani leo turubai mara nyingi ni plastiki. Wewe unatafuta maradufu au turubai la pamba, lenye uzito wa gramu 340 hadi 410 kwa mita ya mraba, ambao wauzaji wengine huutaja kuwa aunsi 10 hadi 12. Ukiwa na shaka, omba uzi mmoja wa pembeni uuchome: pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini, bali uzi wa plastiki huyeyuka na kuganda kama shanga nyeusi. Kitambaa cha pamba kifue kwa maji ya moto na ukikaushe kabla ya kukata, la sivyo kitarudi, yaani kitapungua ukubwa, baada ya kushonwa na kupindisha mishono yote. Na unapopanga vipande, urefu wa ubavu na wa mgongo ufuate mtande, yaani nyuzi zinazokwenda na urefu wa kitambaa, si mshindio unaokatiza upana wake, kwa sababu nyuzi za mtande ndizo zisizovutika kirahisi.

Sasa mkanda. Mkoba wangu wa kwanza niliushonea mkanda kwenye ncha za ubavu tu, pale mdomoni, kwa safu mbili za mishono, na ulining'oka nikiwa nimesimama ndani ya daladala, vitabu vikamwagika miguuni mwa watu. Mishono haikuwa mibaya; uzito wote wa vitabu ulikuwa ukivuta sentimita mbili za kitambaa. Tangu siku ile mkanda wangu hushuka juu ya ubavu angalau sentimita 20 kila upande, na kwa mikoba ya mizigo mizito huupitisha chini kabisa ukazunguka mkoba wote, hivi kwamba vitu vilivyo ndani vinakalia mkanda wenyewe. Tumia mkanda wa pamba uliosukwa wenye upana wa sentimita 5, kwa kuwa mwembamba zaidi hukata bega. Ushone kwenye ubavu wakati ubavu ungali utepe uliolala mezani, kingo zote mbili, na mahali unapoanzia kuning'inia shona umbo la mraba lenye msalaba ndani, urudie mara mbili. Bizimu na vikanda vya kufungia kifuniko navyo vishonwe wakati vipande vimelala, kwani mkoba ukishasimama mguu wa cherehani hautavifikia.

Bizimu za shaba zisizo na ulimi si rahisi kupatikana mpya, lakini zipo kwenye mikoba ya mitumba iliyochakaa, nami ningenunua mkoba mbovu kwa ajili ya bizimu zake bila kusita. Bizimu za aina hii hushika mkanda kwa msuguano peke yake, kwa hiyo mkanda ujae ndani ya bizimu barabara, ukicheza, utateleza.

Mwisho unganisha uso wa mbele na ubavu, kisha mgongo. Kwenye pembe mbili za chini simamisha sindano ndani ya kitambaa, kata ukingo wa ubavu kwa mikato midogo mitatu isiyofika kwenye mshono, zungusha kitambaa, uendelee. Kingo zilizobaki ndani zifunike kwa utepe wa pamba. Bitana usiitie: haimo katika shanta ya askari na huficha mishono ambayo utahitaji kuikagua. Ukipenda kufuata ya babu, tia kizuizi kimoja ndani, mfano wa kile kilichotenga chupa ya maji na chombo cha chakula. Chaki na kalamu zitakushukuru.

SWALI: Fundi, nashona mikoba ya turubai hapa Nakuru kwa cherehani ya kawaida ya nyumbani. Mishono iliyonyooka haina shida, lakini nikifika mahali tabaka zinapokutana, sindano inavunjika au cherehani inaruka mishono. Je, ninunue cherehani ya kiwandani?

JIBU: Usiharakishe kutoa fedha, ndugu yangu. Kwanza tazama sindano yako. Wengi hushona turubai kwa sindano ya namba 14 iliyokuwa ikishona magauni wiki iliyopita. Wewe tia mpya ya namba 16, au 18 ikiwa uzi wako ni mnene, na uibadilishe kila mkoba mmoja au miwili. Sindano iliyopinda kidogo tu hukosa kukutana na ndoana ya bobini, na hapo ndipo mishono inaporuka. Urefu wa mshono uwe milimita 3 hadi 3.5.

Kuvunjika kwenye makutano kuna sababu nyingine. Mguu wa cherehani unapopanda kilima cha tabaka, unainama nyuma, kitambaa hakisukumwi sawasawa, nawe kwa kutaka kusaidia unakivuta kwa mkono. Kule kuvuta ndiko kunakopinda sindano ikagonga chuma. Acha kuvuta. Kunja kipande cha turubai mpaka kifikie unene wa kilima hicho, kiweke nyuma ya mguu ili ukae sawa, kisha zungusha gurudumu kwa mkono mshono mmoja mmoja mpaka uvuke. Kabla ya hapo, weka makutano juu ya ubao na uyapige kwa nyundo mara kadhaa, kwani turubai lililopigwa hulainika na kupungua unene. Punguza pia tabaka za ndani, moja fupi kuliko nyingine, ili kilima kiwe mteremko. Ukihesabu tabaka za turubai la aunsi 12 zikapita sita, mahali hapo shona kwa mkono, kwa sindano nene, subana kidoleni na uzi uliopakwa nta.

SWALI: Mimi ni kijana wa Mwanza. Nimeona kitambaa cha mabaka kama ya sare za jeshi kinauzwa kwa bei nzuri. Kwa kuwa mkoba wenyewe ni wa mtindo wa kijeshi, si utapendeza zaidi kwa kitambaa hicho?

JIBU: Hapana, mwanangu, kiache dukani. Sheria zetu zinamkataza raia kuvaa sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo, na mwaka 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwataka raia wenye mavazi ya namna hiyo wayasalimishe. Kenya na Uganda nako kuna makatazo ya jinsi hiyo. Askari akikusimamisha kituo cha basi, hutakuwa na nafasi ya kumweleza kwamba umeshona mwenyewe. Chagua kaki, kahawia, au jinzi nzito ya bluu, wala usitie nembo, nyota au cheo chochote. Uzuri wa mikoba hii upo katika umbo lake na katika ushonaji wake, na umbo halikatazwi na mtu.

SWALI: Mkoba wangu wa maradufu unalowa kila mvua inyeshapo hapa Tanga. Kuna dawa?

JIBU: Ipo, na ni nta ya nyuki. Yeyusha nta pamoja na mshumaa mweupe, fungu moja la nta kwa mafungu mawili ya mshumaa, ndani ya kopo lililosimama katika sufuria ya maji ya moto. Usiliweke kopo juu ya moto wenyewe, maana mvuke wake hushika moto. Mimina mchanganyiko kwenye kikombe kilichopakwa mafuta, ukiganda utapata kipande cha kusugulia. Sugua mkoba mzima, hasa kwenye mishono na mahali kifuniko kinapokunjwa, mpaka uonekane kama umepakwa vumbi jeupe. Kisha pitisha pasi ya moto kidogo juu ya karatasi isiyo na maandishi, nawe utaiona ile nyeupe ikizama na kitambaa kikibadilika kuwa na rangi nzito zaidi. Utundike kivulini siku mbili. Tangu hapo usiufue kwa sabuni wala maji ya moto, ufute tu kwa kitambaa kibichi, na usugue nta upya kila kabla ya masika.