Ada ya Sheria Haiishii Chuoni

SWALI: Wakili, mwanangu amemaliza kidato cha sita, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na amepata nafasi ya kusoma shahada ya sheria vyuo viwili. Kimoja cha serikali, kingine binafsi ambacho ada yake inakaribia mara mbili. Hao wa binafsi wananiambia wahitimu wao wanalipwa vizuri zaidi. Mimi nauza mbao, sitaki kununua jina. Nimpeleke wapi?
Mama wa Mafinga

JIBU: Shikamoo mama. Huyo anayekusifia mishahara muulize jambo moja tu: wahitimu wenu wangapi walivuka Shule ya Sheria kwa mkupuo wa kwanza? Akianza kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

Shahada peke yake haimfanyi mtu wakili. Awe ametoka chuo cha bei au cha nafuu, atakwenda Dar es Salaam, Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ndiyo hiyo Shule ya Sheria, na mtihani ni ule ule. Mwaka 2022 matokeo yake yalizua gumzo nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliopata sapu, yaani kurudia baadhi ya mitihani, 342; waliodisko, yaani kuondolewa masomoni, 265. Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza.

Kwa hiyo hesabu yako isiishie kwenye ada ya chuo. Kuna mwaka mwingine wa ada, suti nyeusi, na chumba Sinza ambako mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi. Akipata sapu, muda unaongezeka na kodi nayo.

Kipato? Ofisini kwangu mteja akileta mauziano ya kiwanja, kijana mwenye shahada anaandika mkataba wote. Mimi naupitia, nasaini, nagonga muhuri, na malipo yanakuja kwa mwenye muhuri. Yeye nampa nauli na chakula. Sijivunii, lakini ndivyo ofisi nyingi zilivyo mpaka mtu aapishwe na Jaji Mkuu kuwa wakili. Akiajiriwa huku anadaiwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa: kwenye 800,000, hapo 120,000 zimeondoka.

Mimi ningempeleka cha serikali, ile tofauti ya ada nikaitunza kwa ajili ya huo mwaka wa Dar. Labda hicho cha binafsi kiwe na madarasa madogo na mahakama ya mfano, ile ya wanafunzi kujifunzia kuendesha kesi, inayofanya kazi kweli. Nenda ukaone kwa macho.

Na wakikushawishi asome cheti cha usaidizi wa kisheria kama njia ya mkato, kumbuka Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inataka huduma hiyo itolewe bure. Kazi ya heshima, ila ada ya wadogo zake haitalipa.

Mkopo wa Bodi aombe hata kama mbao zinatoka. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wanaosajili vizazi, sasa hivi, msingoje wiki ya mwisho ya dirisha la maombi.