Mtawa akiingiwa na shaka, amevunja nadhiri?

SWALI: Assalaam alaykum. Nimeangalia Des hommes et des dieux (2010), filamu ya Kifaransa ya watawa wa Algeria. Mimi Muislamu, mambo ya monasteri, yaani makao ya watawa, siyajui. Mkuu wao anakataa ulinzi wa jeshi, wenzake wanamjia juu. Kisha wanashauriana wabaki au waondoke, na mmoja analia usiku chumbani. Kwani hawakuapa utii? Na mwenye shaka si kavunja nadhiri?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Waalaykum salaam. Hajavunja. Nadhiri humfunga mtu namna atakavyoishi; haimkatazi moyo kutetemeka. Hao ni Watrapisti, watawa wa Kikatoliki wanaofuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kitabu cha taratibu za maisha ya monasteri. Sura ya 58 inataja ahadi tatu: kudumu katika jumuiya ileile, kuugeuza mwenendo, na utii. Ishike hiyo ya kwanza, maana filamu nzima imening'inia hapo. Mtu mwengine akitishwa hufunga virago akenda zake. Kwao wao kuondoka kunagusa kiapo chenyewe.

Na utii? Sura ya 3 ya Kanuni hiyo inamtaka mkuu, likizuka jambo zito, awaite ndugu wote, hata aliye mdogo kabisa, awasikilize ndipo aamue. Christian, huyo mkuu wa kwenye filamu, ni priori, yaani kiongozi wa monasteri, waliyemchagua wenyewe, naye kalijibu jeshi peke yake. Wanaomlaumu hawaasi, wanamkumbusha Kanuni.

Filamu nyingi huruka safari ya kufikia nadhiri, mtazamaji akadhani mtu kaapishwa kwa pupa. Unovisi, yaani kipindi cha majaribio, hauwi chini ya miezi 12, hufuata nadhiri za muda, kwa kawaida miaka 3 hadi 6, ndipo za daima. Shaka ina nafasi yake humo, na mlango wa kutoka uko wazi.

Rudia pahala pawili. Helikopta inapovuma juu ya kanisa, watawa wanashikana mabega na kuendelea kuimba. Hofu wanayo, na sala hawaikatizi. Pa pili ni usiku wa Krismasi, wenye silaha wamefika mlangoni: Christian anaitaja Suratul Maida, aya ya 82, inayowasifu makasisi na watawa kwa kutotakabari, na kiongozi wa hao wenye silaha anaimalizia. Wewe uliyepita chuoni utaielewa upesi kuliko Wakatoliki wengi. Kisa ni cha kweli: watawa 7 wa monasteri ya Tibhirine, Algeria, walitekwa Machi 1996, wakauawa.

SWALI: Die große Stille, ile filamu ya watawa wanaoishi kimya, nimeizima baada ya dakika 20. Hakuna anayesema! Nimekosea wapi?
Msomaji, Michenzani

JIBU: Pengine ni saa uliyoichagua tu. Iangalie baada ya isha, simu imezimwa, nusu leo na nusu kesho, maana inakaribia saa tatu nzima. Usitafute ya kutafsiriwa na msimulizi. Sauti yake itaifuta filamu. Mwongozaji wake, Philip Gröning, aliwaomba Wakartusi, watawa wa Kikatoliki wa monasteri ya Grande Chartreuse, Ufaransa, ruhusa mwaka 1984, wakamjibu baada ya miaka kama 16. Akaingia peke yake, bila taa za kuchukulia picha.

Usingoje hadithi. Sikiliza mkasi ukikata kitambaa cha kanzu, kengele, nyayo. Siku yao imegawiwa kwa sala, jambo lisilo geni kwa aliyekulia Mji Mkongwe baina ya adhana na kengele za kanisa la Minara Miwili. Karibu na mwisho mtawa mzee, kipofu, anazungumza: anamshukuru Mungu kwa upofu wake, na kifo hakiogopi. Ukiizima mapema, huyo humpati.