Maswali na Majibu: Kozi ya Utalii Bila Wageni

Septemba 2020. Tangu vyuo vifungwe mwezi Machi kwa sababu ya korona, wasomaji wa Nakuru hadi Kisumu wananiuliza jambo lile lile kwa namna mbalimbali: kazi ya kupokea wageni itasomwaje kwenye simu? Leo najibu baadhi yao.

Mhadhiri wetu anafundisha kwa video, saa mbili mfululizo. Bando la wiki linaisha Jumanne. Nifanyeje? (Mwanafunzi wa diploma, Njoro)

Zima kamera, na mwombeni mhadhiri azime yake pia. Hakuna anayefaidika kwa kutazama rafu yake ya vitabu. Saa moja ya video inaweza kumeza zaidi ya MB 500, lakini sauti pekee hula kidogo sana. Afadhali zaidi arekodi maelezo vipande vipande, avitume kwenye kundi la WhatsApp pamoja na noti, na muda wa kukutana mtandaoni ubaki wa maswali. Sheria za utalii na hesabu za bei ya safari hazihitaji sura ya mtu. Mwakilishi wa darasa ndiye apeleke ombi hili. Ulizeni pia chuoni kuhusu mabando nafuu ya wanafunzi yanayopitia KENET, mtandao wa intaneti wa vyuo vya Kenya.

Nafundisha kuongoza watalii. Muhula huu ningepeleka darasa Ziwa Nakuru. Nitampimaje mwanafunzi ambaye sijamwona akiongoza mtu? (Mwalimu, Kisumu)

Mwalimu mwenzangu, hapa ndipo penye kazi. Ukiwaonyesha filamu ya mbuga, wataijua mbuga lakini kazi hawataijua. Wanafunzi wako wametawanyika makwao, na huko makwao kuna vivutio. Wa Seme ana Kit Mikayi, ile miamba mikubwa iliyopandana. Wa Migori ana Thimlich Ohinga, maboma ya kale ya mawe, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Wa Shinyalu anaamka kando ya msitu wa Kakamega. Kila mmoja azungumze na wazee wa hapo, barakoa usoni, kisha aandae maelezo mafupi na kuyarekodi.

Ila usiishie kwenye rekodi, maana rekodi haikatizwi. Mpigie simu, wewe ukiwa mgeni, tena mgeni msumbufu. Mwambie goti linauma, mtoto ana njaa, na umelipa kuona heroe (ndege flamingo) ila ziwani hakuna. Aliyepewa Ziwa Nakuru itabidi akueleze kwamba maji yamepanda mpaka yakafunika lango kuu la zamani. Kwamba maji hayo mapya hupunguza magadi, na mwani wanaoula heroe hupungua pia, ndiyo maana wengi wamehamia Bogoria. Halafu akugeuze macho kwa faru kabla hujadai pesa zako. Kwenye simu hiyo utasikia nani anaongoza na nani anasoma karatasi. Mpe alama kwa hayo. Kutambua nyayo na sauti za ndege kusubiri hadi mfike mbugani. Sioni njia ya mkato.

Binti yangu anasomea upishi wa hoteli. Chuo kinataka apike nyumbani, apige picha, na huo ndio uwe mtihani wa vitendo. Ni sawa? (Mama, Mumias)

Kama zoezi, sawa, mama. Kama mtihani, hapana. Picha itaonyesha kitunguu kilivyokatwa, lakini haionji chumvi, wala haionyeshi kama binti anaweza kutoa sahani thelathini kwa mpigo huku mpishi mkuu akifoka. Kiombe chuo kiandike ni mazoezi gani yatarudiwa kikifunguliwa, na kama ada uliyokwisha kulipa itayagharamia. Na huyo kuku wa zoezi, nani anamnunua? Uliza hilo kwanza.

Hoteli zimefunga. Nibadilishe kozi? (Kijana, Nakuru mjini)

Si kwa sababu ya mwaka mmoja mbaya. Mwaka 2019 Kenya ilipokea wageni zaidi ya milioni 2, na hiyo ni baada ya utalii kuporomoka kufuatia ghasia za 2007 na 2008. Ndege za kimataifa zilianza tena Agosti 1. Lakini kama uliingia utalii kwa kupenda sare tu, badilisha.

Nasikia kuna baluni zinazoleta intaneti huku kwetu. Niache kwenda saiba (duka la intaneti) mjini? (Mwanafunzi, Kericho)

Zipo kweli. Loon, kampuni ya baluni hizo, na Telkom, kampuni ya simu, walizizindua Julai, nazo huelea kama kilomita 20 juu, zikihudumia sehemu za magharibi na Bonde la Ufa. Utahitaji laini ya Telkom na simu ya 4G. Mulika mwizi, ile simu ndogo ya tochi, haitashika chochote. Ila baluni husukumwa na upepo na hutegemea jua, kwa hiyo usiipangie siku ya mtihani. Ikishika, pakua noti za wiki nzima papo hapo. Siku ya kutuma kazi yenye alama, panda matatu uende saiba.