Ndoa za jinsia moja, serikali na kanisa: nawajibu maswali yenu

Nilisema nitajibu maswali ya hizi ndoa na nikajuta, maana yamekuja mengi na nusu yake sio maswali, ni matusi. Nimechukua sita. Kabla hujanirukia, mimi ni Mkristo wa kawaida, ndoa naiamini ile ya mume na mke, ila sitakudanganya ili tu tukubaliane.

Swali: Mshkaji wangu anabisha kwamba Marekani ndio walioanzisha ndoa za jinsia moja duniani. Kweli?

Jibu: Kama mliwekeana dau mdai mapema. Walioanza ni Waholanzi, tarehe 1 Aprili 2001, saa sita usiku ilipopita tu meya wa Amsterdam, Job Cohen, akafungisha ndoa nne hapo hapo ukumbini, tatu za wanaume na moja ya wanawake. Siku ya wajinga ndiyo, lakini haikuwa utani. Wakafuata Ubelgiji 2003, Hispania na Kanada 2005. Marekani kwa nchi nzima ni 26 Juni 2015, na hapo ilipita kwa tundu la sindano, majaji watano kwa wanne kwenye Mahakama ya Juu, wakati huo nchi zaidi ya 15 zilishatangulia. Sasa hivi tunakaribia nchi 40, Thailand iliingia Januari 2025, Ugiriki 2024 ikawa nchi ya kwanza yenye Waorthodoksi wengi kufanya hivyo huku maaskofu wao wakipinga mpaka dakika ya mwisho. Na sio kwamba kila mahali watu walishushiwa kutoka juu, Ireland, nchi ya Wakatoliki haswa, waliulizwa wananchi wenyewe 2015 na asilimia 62 wakasema ndiyo.

Swali: Kwa Afrika kuna nchi yoyote iliyoruhusu? Na zile zisizoruhusu, zote zinafunga watu jela?

Jibu: Iliyoruhusu ni moja tu, Afrika Kusini. Ilianza na wanawake wawili waliokwenda mahakamani, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Katiba, Desemba 2005 majaji wakasema sheria ya ndoa inapingana na katiba, wakalipa bunge mwaka mmoja lirekebishe. Bunge likavuta miguu kama mwanafunzi na homwek, sheria ikaanza kutumika 30 Novemba 2006, siku moja kabla muda haujaisha!

Sasa swali lako la pili ndio zuri, maana hapo ndipo watu wengi wanachanganya. Kuna ndoa ya serikali, kuna ndoa ya kanisani, halafu kuna jela. Ni vitu vitatu, na nchi inaweza kukataa cha kwanza bila kushika cha tatu. Msumbiji walifuta kosa la mapenzi ya jinsia moja kwenye sheria ya jinai mwaka 2015, ndoa hawajaruhusu. Botswana mahakama ilifuta 2019, ndoa hamna. Hata Italia na Japani hawafungishi ndoa hizi ila hakuna anayekamatwa. Upande mwingine una Nigeria na sheria ya 2014, ukifunga ndoa ya hivyo ni miaka 14, na Uganda ambayo sheria yake ya 2023 ina kifungo cha maisha na imefika mpaka adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Kenya nako katiba ya 2010 ibara ya 45 inasema mtu mzima ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, na kwenye sheria ya adhabu kuna kipengele kinachomfunga mtu miaka 14 kwa tendo lenyewe, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Kwa hiyo mtu akikuambia "mimi napinga ushoga" muulize anapinga kipi kati ya hivyo vitatu. Wengi hawajawahi kujiuliza, utaona anavyobabaika.

Swali: Sheria ikipita si wachungaji watalazimishwa kufungisha hizo ndoa?

Jibu: Hii hofu naielewa lakini angalia nchi zenyewe. Uingereza sheria yao ya 2013 ilienda mbali mpaka ikalizuia Kanisa la Anglikana la pale kufungisha ndoa hizo, yaani hata kasisi akitaka hawezi. Denmark kanisa la taifa linafungisha tangu 2012, ila kasisi mmoja mmoja anaruhusiwa kukataa, anatafutwa mwingine. Afrika Kusini mchungaji halazimishwi. Wanaobanwa ni watumishi wa serikali, Afrika Kusini hiyo hiyo iliwaondolea maofisa wake haki ya kukataa mwaka 2020, na kule Kentucky, Marekani, kuna karani aliwekwa ndani siku tano mwaka 2015 kwa kugoma kutoa vyeti vya ndoa. Yeye alikuwa analipwa na kodi za watu wote wakiwemo hao aliowakatalia, mchungaji hayuko hivyo.

Swali: Mchungaji wetu anasema Biblia iko wazi kabisa, binamu yangu aliyesoma theolojia anasema ni mambo ya tafsiri. Nimwamini nani?

Jibu: Kila mmoja ana kipande. Mistari yenyewe ni michache, haifiki hata kumi: Mwanzo 19, Walawi 18:22 na 20:13, Warumi 1:26-27, 1 Wakorintho 6:9, 1 Timotheo 1:10, na Yuda 7 inayorudia habari za Sodoma.

Sodoma mimi naona inatumika vibaya. Pale kuna umati wa wanaume unataka kuwabaka wageni, hiyo hata asiyesoma Biblia anajua ni uovu, na Ezekieli 16:49 akitaja dhambi ya Sodoma anaanza na kiburi, kushiba chakula na kutomsaidia maskini, ingawa mstari wa 50 unaongeza machukizo, tusikate nusu.

Patamu ni 1 Wakorintho 6:9. Biblia yetu ya zamani imeandika "wafiraji" na "walawiti". Kigiriki kuna maneno mawili, malakoi na arsenokoitai. Malakoi maana yake laini, na neno hilo hilo liko Mathayo 11:8 ambapo Biblia yetu imetafsiri mavazi "mororo", yaani neno moja huku ni nguo nzuri huku ni mfiraji! Arsenokoitai limeungwa kwa "mwanaume" na "kitanda", na maneno hayo mawili yamekaa jirani kwenye Walawi 20:13 ya ile tafsiri ya kale ya Kigiriki, kwa hiyo wa mchungaji wako wanasema Paulo alilitoa pale na maana haina utata. Wa binamu yako wanasema Paulo alikuwa anasema juu ya unyonyaji wa zama zake, bwana na mtumwa, mzee na kijana wa kununuliwa, wala hakuwa na picha ya watu wawili wazima wanaoishi pamoja.

Mimi hoja hiyo inanipa shida nikifika Warumi 1, maana pale wametajwa na wanawake, na wanaume "wakawakiana tamaa", wote wawili, sio mmoja anamwonea mwenzake. Hapo nabaki upande wa mchungaji wako. Ila neno "wazi kabisa" angelipunguza kidogo. Halafu Yesu hakulitaja moja kwa moja, mnachonitumia ni Mathayo 19, "mtu mume na mtu mke", sawa, nakubali, lakini someni swali aliloulizwa pale. Aliulizwa TALAKA. Na kwenye talaka sauti zetu zinashuka ghafla, sijui kwanini.

Swali: Papa Francis aliruhusu ndoa za mashoga au hakuruhusu? Kila mtu anasema lake.

Jibu: Hakuruhusu. Tarehe 18 Desemba 2023 Vatikani ilitoa tamko linaitwa Fiducia Supplicans, linasema padri anaweza kuwabariki watu walio kwenye mahusiano hayo, baraka ya kawaida nje ya liturujia, yaani nje ya ibada rasmi, isiyofanana na harusi, na humo humo limerudia kwamba ndoa ni ya mwanaume na mwanamke. Kelele zilivyozidi, Januari wakafafanua kwamba ni baraka ya kama sekunde 10 au 15. Maaskofu wa Afrika kupitia Kardinali Ambongo wa Kinshasa wakajibu 11 Januari 2024 kwamba kwao baraka hizo hazitatolewa, na ikaishia hapo, hakuna aliyefukuzwa. Ila Francis huyo huyo Januari 2023 alisema kuwa shoga sio jinai, akataka watu watofautishe dhambi na jinai, akazipinga sheria za kuwafunga. Umeona, vile vitatu vyangu tena.

Waprotestanti ndio waliogawanyika kweli kweli. Kanisa la Kilutheri la Sweden linafungisha tangu 2009, na Mekane Yesus, Walutheri wa Ethiopia, wakavunja nao uhusiano 2013. Waanglikana bado wanavutana toka Marekani walipomsimika askofu aliye wazi kuwa shoga mwaka 2003. Wamethodisti wa United Methodist walipoondoa makatazo yao ya ndoa hizi na wachungaji mashoga Mei 2024 wenzao wa Ivory Coast wakapiga kura kutoka mwezi huo huo, na Marekani kwenyewe makanisa zaidi ya 7,000 yalikuwa yameshaondoka.

Swali: Kijana wangu ana miaka 22, ameniambia yeye anavutiwa na wanaume. Baba yake anataka kumfukuza nyumbani, mimi ni mama wa kanisa na sijui nishike lipi. Nalia kila usiku.

Jibu: Mama, shikamoo. Lako nimelisoma mara tatu. Hujaniuliza kama ni dhambi, hilo unajua kanisa lako linafundisha nini, umeniuliza kuhusu mlango. Usikubali ufungwe. Hata Katekisimu ya Kikatoliki, ambayo haijalegeza chochote kuhusu tendo, namba 2358 inasema watu hawa wapokelewe kwa heshima, huruma na upole, tena imeonya wasibaguliwe bila haki. Akitoka hapo usiku na begi hatarudi akiwa amebadilika, atakwenda kwa watu usiowajua.

Baba yake usishindane naye mbele ya kijana, mwanaume akishasema neno mbele ya mtoto ni ngumu kulirudisha. Mngoje mkiwa wawili umwombe wiki moja tu, asifanye chochote. Na kabla hujapeleka habari hii kwa mchungaji au kikundi cha maombi muulize kwanza kijana mwenyewe, siri ni yake, amekupa wewe peke yako na inawezekana alikaa nayo miaka akitafuta siku ya kukuambia. Leo jioni mtengee chakula kama kawaida, ukae naye mle. Niandikie tena wiki ikiisha, nitakujibu.